Mpira wa gofu unapinda kushoto? Punguza nguvu, uokoe mgongo

KUNA ugonjwa mmoja wa gofu ambao huwapata zaidi watu wenye nguvu. Mchezaji anasimama mbele ya mpira wake, anaamua kwamba safari hii utaenda mbali kuliko siku zote, kisha anapiga kwa nguvu zake zote. Mpira unaondoka vizuri, watu wanaanza kusifu, halafu unakata kona kuelekea kushoto na kutumbukia vichakani. Anakasirika. Mpira wa pili anauongezea nguvu, nao unapinda zaidi ya ule wa kwanza. Jioni anarudi nyumbani akiwa amepoteza mipira, na kiuno kinamuuma.

Wiki hii tunataka kueleza kwamba mambo hayo mawili, yaani mpira unaopinda na kiuno kinachouma, mara nyingi huwa na chanzo kimoja. Jambo la kufurahisha ni kwamba dawa yao pia aghalabu ni moja.

Huenda unajiuliza, gofu inamhusu nini mkazi wa Ekerenyo, mahali ambapo watu wanajulikana kwa chai, ndizi na mahindi? Inamhusu. Kaunti ya Nyamira iko katikati ya Kisii na Kericho, na miji yote miwili ina viwanja vya gofu. Si ajabu siku hizi kumwona mwalimu aliyestaafu, mfanyabiashara au kijana aliyeanza kwa kuwabebea wachezaji mikoba akiwa na fimbo zake mwenyewe, nyingi zikiwa za mitumba. Mtu kama huyo hana mwalimu wa kumfundisha kila juma. Hujifunza kwa kutazama wengine, na kitu cha kwanza anachokiiga ni nguvu.

Mpira hupindaje?

Mpira wa gofu ni kitu kidogo. Kwa mujibu wa kanuni za mchezo, hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93, na kipenyo chake hakipaswi kupungua milimita 42.67. Fimbo inapougonga, viwili hivyo hugusana kwa muda wa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna binadamu awezaye kurekebisha kosa katika muda huo. Mambo yote huwa yamekwisha kuamuliwa kabla.

Kuna maswali mawili yanayoamua mpira utaelekea wapi. La kwanza: uso wa fimbo ulikuwa unatazama wapi ulipogusa mpira? La pili: fimbo yenyewe ilikuwa inasafiri kuelekea wapi? Mpira huanza safari yake karibu na upande ambao uso wa fimbo unatazama. Iwapo uso huo na njia ya fimbo haviafikiani, mpira huzunguka kwa mshazari, kama pia ya mtoto iliyoinama, na hewa huusukuma upande mmoja. Mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Gustav Magnus, alilieleza jambo hilo katika karne ya 19, na hadi leo linaitwa kwa jina lake.

Kwa mchezaji atumiaye mkono wa kulia, uso wa fimbo ukitazama kushoto zaidi kuliko njia ya fimbo, mpira hupinda kushoto. Wachezaji huuita mpindo huo huki. Msomaji anayetumia mkono wa kushoto ageuze maelezo yote ya makala haya: panaposemwa kulia, yeye asome kushoto.

Usidharau kosa dogo. Uso wa fimbo ukikosea kwa digrii moja tu, mpira unaokwenda mita 200 utaangukia mita tatu na nusu kando ya shabaha, hata kabla hujahesabu mpindo wa hewani. Ukikosea kwa digrii tano, ni zaidi ya mita 17. Hapo ndipo vichaka vilipo.

Wenyeji wa nyanda za juu wana bahati kidogo. Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi. Mpira husafiri mbali zaidi na kupinda kidogo kuliko unavyopinda pwani. Kwa hivyo, ukiona huki yako inakusumbua ukiwa nyumbani, ujue ukienda kucheza Nyali, Mombasa, itakusumbua zaidi.

Nguvu nyingi huharibu nini?

Pigo zuri la gofu hujengwa kuanzia chini kwenda juu. Miguu huanza, nyonga hufuata, kisha kiwiliwili, mabega, mikono, na mwisho kabisa fimbo. Kila sehemu huipokeza inayofuata mwendo wake, kama mjeledi wa mchungaji: mkono unasonga kidogo, lakini ncha inalia. Mchezaji wa kawaida akipiga vizuri, kichwa cha fimbo ndefu, ile iitwayo draiva, hupita kwenye mpira kwa mwendo wa karibu kilomita 150 kwa saa. Mwendo huo hautoki mikononi peke yake.

Mtu anapoamua kupiga kwa nguvu zote, mpangilio huo huvurugika. Badala ya miguu na nyonga kuanza, mikono ndiyo hutangulia. Nyonga husimama kana kwamba zimegota ukutani, uzito wa mwili hubaki mguu wa kulia, na viganja hujipindua haraka ili kuokoa pigo. Viganja vikijipindua, uso wa fimbo hujifunga na kutazama kushoto. Mpira nao unatii.

Jambo la pili ni mshiko. Jaribu sasa hivi, hapo ulipo: funga ngumi kwa nguvu zako zote, kisha jaribu kutikisa kiganja haraka. Utahisi misuli imekaza hadi kwenye kiwiko, na kiganja hakitikisiki sawasawa. Mtu anayeinyonga fimbo hivyo hupoteza mwendo badala ya kuuongeza.

Jambo la tatu ni kwamba anayepiga kwa nguvu kupita kiasi hupoteza usawa wa mwili, na fimbo haigusi mpira katikati ya uso wake. Draiva ikigusa mpira upande wa ncha ya nje, mpira hupewa mzunguko wa kuupeleka kushoto, hata kama mengine yote yalikuwa sawa.

Mkono uliozoea shoka

Mkulima wa Ekerenyo huja uwanjani na mwili ambao tayari umefundishwa kazi nyingine. Jembe na shoka hushushwa kutoka juu kwenda chini, na mkono wa kulia ndio hutawala. Kuchuna majani chai humfanya mtu ainame kwa saa nyingi huku mikono ikiwa mbele ya mwili. Kupogoa michai kwa panga ni kazi ya mkono na bega. Katika kazi hizo zote nyonga hazizunguki sana. Ndiyo maana mtu mwenye mabega yaliyojengeka kwa jembe anaweza kushindwa na mtu mwembamba anayejua kuzungusha kiuno.

Hata hivyo, shambani kumo pia mwalimu mzuri wa gofu. Mtazame mzee aliyezoea kupasua kuni. Kijana hupiga gogo kwa hasira, shoka linateleza pembeni. Mzee huinua shoka polepole, analiacha lishuke kwa uzito wake, na gogo linapasuka mara mbili. Hana nguvu kumshinda kijana. Ameliacha shoka lifanye kazi yake. Fimbo ya gofu nayo imetengenezwa ifanye kazi, usiinyang'anye.

Mgongo haupendi kusokotwa

Sasa tugeukie afya. Sehemu ya chini ya uti wa mgongo, yaani kiunoni, imeumbwa kwa kubeba uzito na kuinama. Haikuumbwa kwa kuzunguka sana. Huzunguka kwa digrii chache tu. Mzunguko mkubwa unapaswa kutoka kwenye nyonga na sehemu ya juu ya mgongo. Nyonga zikisimama ghafula huku mabega yakiendelea kwa kasi, kiuno ndicho husokotwa katikati kama nguo inayokamuliwa. Visahani laini vilivyo kati ya mifupa hubanwa na kuvutwa kwa wakati mmoja. Ukifanya hivyo mara 80 kwa siku moja, huhitaji kuuliza kwa nini unashindwa kufunga kamba za viatu asubuhi inayofuata.

Maumivu ya kiuno ndiyo malalamiko ya kawaida zaidi miongoni mwa wachezaji wa gofu wasio wa kulipwa. Baada ya kiuno hufuata viwiko, vifundo vya mikono na mabega. Wanaoanza mchezo na kupiga mipira mingi kwa siku chache wanaweza hata kupata nyufa ndogo kwenye mbavu. Aidha, anayepiga ardhi kwa nguvu badala ya mpira anaweza kuvunja mfupa mdogo wa kiganja wenye umbo la ndoano, ambao hugandamizwa na mpini wa fimbo.

Hata mabingwa hawakuepuka matatizo ya mgongo. Seve Ballesteros wa Uhispania, aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka wa 1978, alisumbuliwa na mgongo kwa miaka mingi. Tiger Woods wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa mgongo mwaka wa 2014, akarudi tena mara mbili mwaka wa 2015, na mwaka wa 2017 mifupa ya kiuno chake ikaunganishwa. Alirejea na kushinda mashindano ya Masters mwaka wa 2019, lakini alikuwa na madaktari na walimu ambao wewe na mimi hatuna. Mkulima wa chai akilala kitandani wiki mbili kwa sababu ya kiuno, majani hayamsubiri.

Jipime kabla ya kujitibu

Daktari mzuri hatoi dawa kabla ya kuuliza maswali. Nawe usibadilishe chochote kabla ya kujua huki yako ni ya aina gani.

Kwanza, tazama mpira unaanzia wapi, si unapoishia. Mpira ukianza kushoto na kuzidi kwenda kushoto, uso wa fimbo umejifunga mno. Shuku mshiko na viganja. Mpira ukianza kulia kisha ukarudi kushoto kupita kiasi, fimbo inasafiri mno kuelekea kulia. Shuku jinsi unavyosimama, na nyonga zinazogota.

Pili, chukua chaki ya ubao, ile ya darasani, upake uso wa draiva. Piga mpira, kisha utazame alama iliyobaki. Ikiwa iko karibu na ncha ya nje badala ya katikati, tatizo lako huenda ni usawa wa mwili kuliko kitu kingine. Mara nyingi utakuta unasogea nyuma kwa visigino unapopiga kwa nguvu.

Tatu, jiulize swali hili kwa uaminifu: je, mpira hupinda hata ninapopiga taratibu? Kama hupinda wakati wote, anza na mshiko. Kama hupinda tu unapoongeza nguvu, basi tatizo ni mpangilio wa mwendo.

Dawa, hatua kwa hatua

1. Rekebisha mshiko. Simama kama unayetaka kupiga, utazame mkono wako wa kushoto. Hesabu vifundo vya vidole unavyoviona nyuma ya kiganja. Viwili, au viwili na nusu, vinatosha kwa watu wengi. Ukiona vitatu vizima au vinne, mkono umegeuka mno kulia, na utaufunga uso wa fimbo bila wewe kujua. Ugeuze kidogo kushoto. Mkono wa kulia nao usiwe chini ya mpini, uweke ubavuni. Ben Hogan wa Marekani, aliyeshinda mashindano makubwa tisa kati ya 1946 na 1953, aliteswa na huki kabla ya hapo, na kubadilisha mshiko ni sehemu ya dawa iliyomponya. Siku za kwanza mshiko mpya utaonekana kama si wako. Vumilia.

2. Legeza vidole. Shika fimbo kama unavyomshika kifaranga: asitoroke, wala asiumie. Ikiwa mpira wa mpini umechakaa na unateleza, utalazimika kuukaba. Uoshe kwa sabuni na maji vuguvugu, uukaushe, na ukiwa umekwisha kabisa, ubadilishwe. Wenye fimbo za mitumba wakumbuke jambo hili.

3. Panga miguu. Laza vijiti viwili ardhini, kimoja kikielekea shabaha na kingine sambamba nacho mbele ya vidole vya miguu. Wachezaji wengi wenye huki wamezoea kujielekeza kulia ili kuukwepa ule mpindo, na kwa kufanya hivyo wanauzidisha. Unapotumia draiva, mpira uwe mkabala na kisigino cha kushoto. Ukiuweka nyuma zaidi, fimbo itaufikia ikiwa bado inaelekea kulia. Geuza vidole vya mguu wa kushoto kidogo kwa nje. Hilo hurahisisha mzunguko wa nyonga na kuliokoa goti.

4. Maliza pigo kwa kifua. Unapoanza kushuka, sogeza uzito kwenye mguu wa kushoto na uiache nyonga ifunguke. Mwishoni, kifua na kifungo cha mshipi vitazame shabaha, kisigino cha kulia kiwe kimeinuka. Kaa hivyo huku ukihesabu hadi tatu. Ukishindwa kusimama bila kuyumba, ulitumia nguvu ambazo mwili wako hauwezi kuzitawala.

5. Sikiliza fimbo. Zoezi hili halihitaji mpira wala uwanja. Geuza draiva, ushike upande wa kichwa, uzungushe hewani. Au tumia ufito mwembamba. Utasikia mlio. Mlio ukisikika juu, karibu na bega la kulia, umemaliza nguvu mapema. Unapaswa kusikika mbele kidogo ya mahali ambapo mpira ungekuwa. Fanya mara kumi jioni, ukiwa umejihakikishia kwamba hakuna mtoto wala mfugo karibu.

6. Piga miguu ikiwa pamoja. Tumia fimbo fupi, miguu ikigusana, nusu ya pigo tu. Ukizidisha nguvu utaanguka. Hakuna mwalimu mkali kuliko huyo.

Ngazi ya nguvu

Ukisha kuzoea hayo, panda ngazi. Piga mipira mitano kwa kiasi unachohisi ni nusu ya nguvu zako. Ikienda sawa, piga mitano kwa asilimia 60, kisha 70, kisha 80. Mahali ambapo mipira miwili kati ya mitano inaanza kupinda, hapo ndipo mpaka wako wa leo. Shuka ngazi moja, ucheze hapo mchezo mzima. Baada ya majuma kadhaa, jaribu tena. Mpaka utakuwa umesogea.

Wengi hushangaa kwamba mpira waliopiga kwa asilimia 80 umefika mbali kuliko ule wa mia kwa mia. Sababu ni kwamba umeguswa katikati ya uso wa fimbo. Usichukue maneno haya kuwa nguvu ni haramu. Mabingwa hupiga kwa nguvu sana, lakini nyonga zao haziachi kuzunguka na miili yao imeandaliwa miaka mingi. Kwanza mpangilio, kisha kasi.

Angalizo: usifanye mazoezi ya draiva katika uwanja wa shule au karibu na barabara. Mpira unaweza kuondoka kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na ukimpata mtoto kichwani ni msiba. Na kwa kuwa nyanda za Gusii zinajulikana kwa radi, hasa alasiri za msimu wa mvua, ngurumo ya kwanza ikisikika acha fimbo na uingie ndani ya jengo. Usijikinge chini ya mti.

Uandae mwili

Visahani vya uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba mtu anapolala. Kwa hivyo saa ya kwanza baada ya kuamka si wakati wa kusokota kiuno kwa nguvu. Vilevile, ukitoka kuinama shambani kwa saa nyingi, kano za mgongo huwa zimelegea. Tembea wima, upumzike nusu saa au zaidi kabla ya kushika draiva.

Kabla ya kucheza, tembea kwa dakika tano hadi kumi, zungusha nyonga, na uzungushe mabega huku fimbo ikiwa begani. Anza na fimbo fupi. Anayeanza mchezo atosheke na mipira 30 au 40 kwa siku, na apumzike siku moja kabla ya kurudia. Mkoba wa fimbo usibebwe kwa bega moja muda wote.

Nyumbani, mara tatu kwa wiki, fanya mazoezi haya. Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa, uinue makalio kama daraja na ushikilie kwa sekunde tano, mara kumi. Lala ubavu, ukijiegemeza kwa kiwiko na magoti, uinue nyonga kwa sekunde kumi kila upande. Kisha piga magoti na viganja chini, mkono mmoja nyuma ya kichwa, ugeuze kiwiko taratibu kuelekea juu. Zoezi hilo la mwisho hufungua mgongo wa juu, ili kiuno kisifanye kazi isiyo yake. Pumua kawaida; usizuie pumzi.

Wenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo, mifupa dhaifu au waliowahi kuugua visahani vya mgongo, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kwanza.

Kiuno kikiuma

Maumivu ya misuli ya kawaida hupungua baada ya siku au wiki chache. Acha kupiga mipira kwa muda, lakini usilale kitandani siku nzima. Tembea kidogo kidogo. Kitambaa chenye joto husaidia. Usiwe mtu wa kununua tembe za maumivu dukani kila siku. Dawa kama diclofenac na ibuprofen, zikitumiwa kiholela, huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Isitoshe, zinaficha maumivu na kukurudisha uwanjani kabla ya wakati.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona mojawapo ya dalili hizi:

• Mguu unakufa ganzi au unapoteza nguvu.

• Unashindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo unakataa kutoka, au una ganzi sehemu za siri. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo.

• Maumivu yanazidi usiku, pamoja na homa, jasho au kukonda. Si kila kiuno kinachouma kimeumizwa na mchezo. Kifua kikuu nacho hushambulia uti wa mgongo.

• Maumivu ya mbavu yanayochoma unapovuta pumzi.

• Kifua kinabana au unaishiwa pumzi ukiwa uwanjani. Acha mchezo mara moja, uketi, na utafute msaada.

Mkazi wa Ekerenyo anaweza kuanzia katika hospitali ya kaunti ndogo iliyoko hapo hapo, na akihitaji uchunguzi zaidi ataelekezwa Nyamira au hospitali ya rufaa ya Kisii. Mweleze daktari kwamba unacheza gofu, na unapiga mipira mingapi. Wengi huona haya kusema, na daktari hubaki kulaumu jembe.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpira unaopinda kushoto ni ufa. Unakuonya mapema kwamba mwili wako unalazimishwa kufanya kazi vibaya, tena unakuonya kabla kiuno hakijaanza kulia. Utakapokwenda uwanjani wiki hii, msomaji mpenzi, piga mipira yako mitano ya kwanza kwa nusu ya nguvu zako, utazame inaanzia wapi, na umalize kila pigo ukiwa umesimama imara.